Marejeo 63: shajara ya muswada wa madema, Tanga

Shajara hii ni ya sehemu moja tu ya makala yetu, nayo ni marejeo. Utafiti wenyewe ulikwisha mwaka jana: tulilinganisha madema (mitego ya samaki inayosukwa kwa fito) ya kawaida na madema yenye mwanya wa kutokea samaki wadogo, katika vijiji vya kusini mwa mji wa Tanga. Tuko watatu: mimi, Dokta anayenisimamia, na dada anayeshughulikia takwimu. Nilidhani marejeo ni kazi ya jioni mbili. Naweka hapa yaliyonishinda na yaliyonigharimu ili anayekuja nyuma yangu asianzie sifuri.

13 Januari 2025: Muswada umerudi

Tumeutuma Alhamisi, leo Jumatatu umerudi. Haukufika hata kwa wahakiki. Ofisi ya jarida imetuorodheshea kasoro: majina tisa yametajwa ndani ya makala lakini hayamo kwenye orodha ya mwisho, matano yamo kwenye orodha lakini hayakutajwa popote, mara sita mwaka wa ndani haulingani na mwaka wa kwenye orodha.

Nimekaa nao usiku kucha na kila kasoro ni ya kweli. Mbaru na McClanahan, ambao makala yao ya 2013 kuhusu mianya ya madema katika pwani ya Kenya ndiyo iliyotufungulia njia, nimewaandika 2013 kwenye utangulizi, 2012 kwenye mjadala, na mahali pengine nimeandika "Mbaru na wenzake" ilhali wako wawili tu. Chanzo ni kimoja. Kwa miezi minane nimekuwa nikichapa marejeo kwa mkono, kila moja kama nilivyolikumbuka siku ile.

Dokta amejibu kwa mstari mmoja: "Rudi mwanzo, usiyapake rangi."

18 Januari: Kuhamia Zotero

Nimechagua Zotero, programu ya kompyuta ya kutunza na kupanga marejeo. Ni ya bure, imetoka Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, tangu 2006, na ikishakaa kwenye kompyuta inafanya kazi bila intaneti. Kwangu hilo la mwisho lina uzito kuliko mengine yote, maana bando likiisha saa tatu usiku kazi haisimami. EndNote, programu nyingine ya aina hiyo, inauzwa, na sisi hatuna fungu la kuinunua. Nafasi ya bure ya kuhifadhi mafaili mtandaoni ni MB 300, kwa hiyo nimezima uhifadhi wa PDF na kubakiza taarifa za marejeo peke yake. PDF zimekaa kwenye flashi.

Kazi yenyewe: makala 41 kati ya 63 zina namba ya DOI. Unaibandika namba, programu inaenda kuleta jina, mwaka, juzuu na kurasa. Kwa asiyeijua, hii ndiyo namba inayoanza na 10, kisha nukta, namba ya mchapishaji, mkwaju na mengineyo. Makala ikihama tovuti, namba haihami, na ndiyo maana majarida yanaidai. Iandike kama anwani kamili inayoanza na https://doi.org/, na usiweke nukta mwishoni, kwa sababu mtu akinakili pamoja na nukta hiyo anwani haifunguki.

Zile 22 zilizobaki nimeziingiza kwa mkono: ripoti za serikali, sheria, tasnifu, na makala za zamani.

Gharama: bando shilingi 10,000, na Jumamosi nzima.

27 Januari: Majina

Hapa ndipo nilipotumia wiki, na hapa ndipo nataka anayesoma atulie.

Nilibofya ili programu itengeneze orodha. Rejeo la Sheria ya Uvuvi, Na. 22 ya 2003, likatoka hivi:

Tanzania, J. ya M. wa (2003)

Jamhuri ya Muungano wa Tanzania imefanywa mtu. Programu imechukua neno la mwisho kuwa jina la ukoo, yaliyotangulia ikayakata kuwa herufi za mwanzo. Tena haikulalamika. Nisingeisoma orodha kwa macho, ingeondoka hivyo hivyo. Dawa yake ni kitufe kidogo kando ya kisanduku cha jina, kinachounganisha visanduku viwili kuwa kimoja. Ukikibofya, jina la taasisi hubaki zima. Kwa wanaotumia BibTeX, mfumo mwingine wa marejeo, jina la taasisi lifungwe kwa mabano ya mawimbi mara mbili. Nimerekebisha kumi na moja za aina hii.

Wizara nayo ina jambo lake. Uvuvi umehama: kati ya 2015 na 2017 ulikuwa chini ya Wizara ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi, na tangu Oktoba 2017 uko Wizara ya Mifugo na Uvuvi. Mimi nilikuwa nimesawazisha ripoti zote kwa jina la sasa, nikidhani ninaweka mambo sawa. Sivyo. Unaandika jina lililo juu ya jalada la ripoti unayoitaja, kwa sababu ndilo atakalolitafuta mwenye kuitaka. Kosa la namna hiyo hiyo tulilifanya kwenye makala moja ya miaka ya 1950 iliyotoka katika Tanganyika Notes and Records. Mmoja wetu aliona neno Tanganyika akaligeuza kuwa Tanzania. Jarida hilo lilianza 1936 kwa jina hilo la Tanganyika, na jina la Tanzania lilikuja baadaye. Nimeirudisha Tanganyika yao.

La tatu lilinichosha zaidi. Ndani ya makala, baadhi ya waandishi walijitokeza na herufi za mwanzo: "F.E. Msuya" mahali fulani, "F. Msuya" mahali pengine, ilhali mtindo wa marejeo wa jarida unataka jina la ukoo na mwaka tu. Nikadhani mtindo umeharibika, nikaufuta na kuupakua upya mara mbili. Mtindo ulikuwa mzima. Rekodi moja iliandikwa Flower E., nyingine F. bila herufi ya pili, na programu ikaona hawa ni watu wawili wenye jina moja, ikaongeza herufi ili msomaji awatofautishe. Ilifanya inavyopaswa kufanya kwa taarifa nilizoipa. Nimepitia waandishi wote na kumpa kila mmoja sura moja.

Wenye ng' kwenye majina wachunguzwe kipekee. Kibodi moja inaweka ritifaa (ile alama ya ng') iliyonyooka, nyingine iliyopinda. Kwa jicho ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti, na mtu mmoja anagawanyika. Na de la Torre-Castro, aliyeandika kuhusu nyasi bahari na watu wa pwani yetu, aliangukia chini ya T. Neno la mbele lilikuwa limeingia kwenye kisanduku cha jina la kwanza. Sasa yuko D, kama jarida linavyotaka.

4 Februari: Herufi kubwa, mlazo na mabano

Makala zilizovutwa kwa DOI zimekuja kila moja na desturi yake: nyingine kila neno lina herufi kubwa, nyingine neno la kwanza peke yake, mbili zimekuja zote herufi kubwa tupu. Programu inaweza kupandisha herufi yenyewe, lakini kuzishusha bila kuharibu majina ya mahali haiwezi kwa uhakika. Basi hifadhi zote zikiwa ndogo, kisha pandisha kwa mkono zile za Tanzania, Zanzibar, Mombasa na wengineo. Nilisahau "indian ocean" mara tatu.

Majina ya kisayansi yanatakiwa mlazo, yaani herufi zilizolala, hata ndani ya kichwa cha rejeo. Zotero inaelewa ukiweka herufi i ndani ya mabano ya pembe kabla ya jina, na ya kufunga baada yake. Ishirini na sita nimeziweka moja moja.

Kosa kubwa la siku hii nililifanya nikiwa na nia njema kabisa. Kwenye jedwali la samaki tuliandika tafi kwa jina kamili, Siganus sutor (Valenciennes, 1835). Jirani yake ni pweza, Octopus cyanea Gray, 1849. Mmoja ana mabano, mwingine hana. Nikaona ni uzembe wa kuchapa, nikayaondoa yote. Dokta ameyakuta akanipigia simu saa hiyo hiyo. Mabano yale yana maana. Valenciennes alipompa tafi jina alimweka katika jenasi (kundi la spishi zinazokaribiana) nyingine, Amphacanthus. Baadaye akahamishiwa Siganus, na mabano ndiyo yanayosema kwamba amehamishwa. Pweza wa Gray hajahama jenasi. Ukiondoa mabano umefuta historia ya jina. Nimeyarudisha, na ninaandika hapa kwa herufi zilizokolea akilini mwangu: mabano kwenye jina la mnyama usiyaguse mpaka umejua yalikujaje. Tena huyo Valenciennes wa jedwalini si rejeo. Nilikuwa nimeshaanza kumtafutia kitabu chake ili nimweke kwenye orodha, wakati jarida letu halidai hivyo.

16 Februari: Faili limevunjika

Jana dada wa takwimu alihitaji kurekebisha aya mbili za matokeo. Nikamtumia faili lenyewe. Yeye hana programu ninayotumia, akalifungua kwenye ile ya mtandaoni, akarekebisha vizuri sana, akanirudishia. Leo nimebofya kutaja tena rejeo moja na orodha nzima imetoka na rejeo moja tu. Mengine 62 yamegeuka maandishi ya kawaida. Yanaonekana kama yalivyokuwa, lakini kile kiungo cha ndani kinachoyaunganisha na Zotero kimekatika.

Nilikuwa na nakala rudufu ya siku tatu nyuma. Nimekaa kuanzia magharibi hadi saa sita na nusu usiku nikihamisha marekebisho yake aya kwa aya kwenye nakala ile, umeme ukikatika mara moja katikati. Yeye hana kosa, sikumwambia.

Utaratibu tuliokubaliana leo: faili lenye viungo linakaa kwa mtu mmoja. Wengine wanapata PDF na kuandika maoni pembeni, na wanaotaka kuongeza rejeo wanaliweka kwenye maktaba ya kikundi ndani ya Zotero. Kila jioni nakala inahifadhiwa kwa tarehe kwenye jina lake, moja kwenye flashi, moja kwenye barua pepe. Ikibidi faili lihame programu, Zotero yenyewe ina njia ya kulisafirisha, na njia hiyo ndiyo itumike.

1 Machi: Kusoma tena vyanzo

Dokta aliniagiza nifungue kila moja ya zile 63 na kuweka kidole kwenye sentensi tunayoitegemea. Nilinung'unika moyoni. Nimemaliza leo, baada ya siku tisa.

Hamsini na tisa ziko sawa. Mbili kurasa zilikosewa. Moja kiungo chake kilikuwa kimekufa: ripoti iliyokuwa kwenye tovuti ambayo haipo tena. Niliipata kwenye Wayback Machine, hifadhi ya mtandaoni ya nakala za kurasa za zamani, nikaweka anwani ile pamoja na tarehe niliyoifungua.

Ya mwisho ndiyo iliyonitoa jasho. Tuliandika kwamba tafi wa pwani hii hufikia utu uzima kwa urefu fulani, tukataja ripoti ya zamani. Ripoti ile sikuwahi kuiona. Niliichukua kutoka kwenye makala iliyoitaja, nayo makala hiyo iliichukua kwa nyingine. Nimeipata nakala yake kwa mwalimu mstaafu anayekaa Raskazone, ambaye ana kabati la karatasi za uvuvi lenye harufu ya naftalini. Tumeifungua pamoja mezani, ukurasa kwa ukurasa. Urefu ule umo, lakini ni wa tafi wakubwa kabisa waliopimwa sokoni. Habari ya kukomaa haimo kabisa. Mtu mmoja huko nyuma alisoma haraka, waliofuata wakampokea, nami nikawa wa mwisho kwenye foleni hiyo.

Tumeiondoa sentensi na rejeo lake. Hoja yetu ya ukubwa wa mwanya ilikuwa imeegemea hapo, kwa hiyo aya nzima imeandikwa upya kwa vipimo vyetu wenyewe. Marejeo sasa ni 62, ila kichwa cha shajara nakiacha kilivyo.

Gharama: bajaji kwenda na kurudi shilingi 4,000, kunakili kurasa 30 stesheneri shilingi 3,000.

9 Machi: Kigombe

Kuna kauli moja kwenye mjadala isiyotoka kwenye karatasi. Ni ya mzee msuka madema wa Kigombe, kwamba zamani macho ya dema yalikuwa mapana kuliko ya sasa. Kauli ya namna hii haiingii kwenye orodha ya mwisho, kwa sababu hakuna msomaji anayeweza kuifungua. Inatajwa ndani ya makala tu, kwa jina la msemaji na tarehe, kama mawasiliano binafsi. Jarida linataka pia ridhaa yake kwa maandishi. Hilo sikulijua tulipotuma mara ya kwanza.

Nimemkuta baada ya alasiri, yuko kivulini, fito zilizopasuliwa zimetandazwa miguuni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Umerudi na karatasi zako?"

Nikamsomea sentensi kwa Kiswahili. Akaendelea kusuka mpaka nikamaliza, kisha akanirudisha nyuma. "Hapo uliposema zamani. Zamani ya lini? Mimi nilikwambia kabla ya nyavu za nailoni kuja hapa. Dema la wakati ule ungepitisha vidole vitatu." Akanyoosha vidole vitatu na kuvipitisha kwenye jicho la dema alilokuwa nalo. Vikaingia viwili.

Nimeirekebisha sentensi pale pale. Nikamuuliza jina liandikweje.

"Andika langu, la baba na la babu. Kigombe hii ukitaja langu na la baba peke yake utaletewa watu watatu."

Ametia sahihi. Nilibaki na karatasi ile mkononi nikiwaza wiki nzima niliyopoteza kwa herufi ya pili ya jina la mwandishi.

Gharama: nauli shilingi 6,000 kwenda na kurudi.

10 Aprili: Jarida jingine

Tulituma tena 14 Machi, marejeo hayakuguswa hata moja. Leo wamejibu kwamba mada yetu haiendani na mwelekeo wao wa sasa. Dokta amependekeza jarida jingine. Hili linatumia namba.

Mtindo wa kwanza ulikuwa wa jina na mwaka, unaoitwa wa Harvard. Unahusishwa na mwanazoolojia wa chuo hicho, Edward Laurens Mark, aliyeutumia mwaka 1881. Huu wa pili ni wa Vancouver, mji wa Kanada ambako wahariri wa majarida ya tiba walikutana 1978 kukubaliana utaratibu mmoja. Rejeo linapata namba kwa mpangilio wa kutajwa mara ya kwanza, na likitajwa tena linabaki na namba ile ile.

Kubadilisha kwenyewe: mbofyo mmoja, sekunde chache. Ukitaka kujua kwa nini nilitumia wiki kwenye majina na si kwenye nukta na mikato, ni kwa ajili ya siku kama ya leo.

13 Aprili: Majedwali na vifupisho

Mambo mawili hayakujibadilisha yenyewe.

La kwanza ni majedwali. Yetu yako mwishoni mwa faili, jarida linavyotaka, na yana marejeo manne yasiyotajwa kwingine. Programu inahesabu kuanzia juu kwenda chini, ikayapa 59 hadi 62. Kanuni ya Vancouver ni nyingine: rejeo lililo ndani ya jedwali linahesabiwa kuanzia pale jedwali lenyewe linapotajwa kwa mara ya kwanza kwenye maandishi. Jedwali la 1 tunalitaja ukurasa wa tatu, kwa hiyo manne yale yanatakiwa kuanzia 19. Nilijaribu kuandika namba kwa mkono. Nilipoongeza rejeo moja juu, zote zikapotea hesabu. Kilichofaa ni hiki: nimeyahamishia majedwali katikati ya maandishi, pale yanapotajwa, nikaacha programu ihesabu. Kisha nimetengeneza nakala ya kutuma, nikakata viungo vyote vya Zotero kwenye nakala hiyo, ndipo nikayarudisha majedwali mwishoni. Namba zikabaki. Faili lenye viungo halikuguswa.

La pili ni vifupisho vya majina ya majarida. Zotero inaweza kutumia orodha ya MEDLINE, lakini hiyo ni ya tiba zaidi, na majarida mengi ya bahari hayamo. Nimejaza kwa mkono kwa kufuata kanuni ya ISO 4: Ocean Coast. Manag., Fish. Res., Mar. Pollut. Bull., West. Indian Ocean J. Mar. Sci. Jina la neno moja halifupishwi, kwa hiyo Hydrobiologia na Aquaculture yanabaki mazima. Hydrobiologia nilikuwa nimeshalikata.

Kurasa pia zinafupishwa: makala ya de la Torre-Castro na Rönnbäck ya 2004, kurasa 361–387, sasa inasomeka 361-87. Hilo programu ililifanya yenyewe, nami nikadhani ni kosa, nikalirudisha, kisha nikasoma mwongozo wa jarida na kuliacha.

16 Septemba: Prufu

Makala imekubaliwa mwezi uliopita. Wahakiki wawili, na kuhusu marejeo mmoja ameomba nyongeza mbili tu. Leo prufu, yaani kurasa zilizopangwa za kukaguliwa kabla ya kuchapishwa, zimefika, tumepewa saa 48.

Orodha ni safi. Ndani ya makala, ukurasa wa nne, mpangaji wa kurasa amelifupisha jina la mzee wa Kigombe kama wanavyofupisha majina ya waandishi: herufi mbili, kisha jina la babu yake. Kwa jina hilo hakuna mtu Kigombe atakayemjua. Nimeandika kwenye ukingo: majina yote matatu yaandikwe kwa ukamilifu, kama yalivyo kwenye ridhaa aliyotia sahihi, na nimeambatanisha karatasi ile.

18 Septemba

Wamelirudisha, yote matatu. Nimechapa ukurasa wa nne stesheneri, shilingi 200, na Jumamosi naupeleka Kigombe.